Kwa nini modeli ya nyambizi hupinda na kukatika, na namna ya kuipiga picha ikae sawa

Swali limetoka kwa mzamiaji mzaliwa wa Mombasa anayeishi Virginia, Marekani:

"Nilizamia U-352, ile nyambizi ya Kijerumani iliyozama nje ya pwani ya North Carolina. Nilirekodi video kwa GoPro, kamera ndogo ya kuzamia nayo, nikapita ubavu mmoja kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), nikarudi kwa ubavu wa pili. Nyumbani nikatoa fremu kwenye video na kuziingiza katika programu ya kutengeneza modeli za 3D. Imenipa vipande vitatu visivyoungana, na kile kirefu zaidi kimepinda kama ndizi. Kamera nilikuwa nimeiwashia kitulizo ili video isitikisike. Nimekosea wapi? Na nitajuaje vipimo vyake halisi?"

Ndugu yangu, kompyuta yako haina lawama, na wala hujakosa programu ya bei zaidi. Vile vipande vitatu na ule mpindo vilikwisha kuamuliwa ukiwa bado chini ya maji, kwa njia uliyoogelea na kwa hicho kitulizo. Nianze na kitulizo, maana ndicho chepesi kurekebisha.

Fotogrametri ni hesabu ya kupata umbo kutokana na picha. Programu hutafuta nukta ile ile katika picha kadhaa, halafu hukokotoa mambo mawili kwa pamoja: kamera ilisimama wapi katika kila picha, na lenzi inapinda mwanga kiasi gani. Hilo la pili linawezekana tu ikiwa picha zote zimepita kwenye lenzi moja na kutua kwenye kihisi kimoja bila kuchezewa. Kitulizo kinafanya kinyume chake. Kinaikata kila fremu, kinaizungusha, kinaivuta kidogo pembeni, na kiasi chenyewe hubadilika fremu hadi fremu. Kwa macho yako video imetulia, lakini kwa programu ni kama umepiga picha kwa mamia ya kamera tofauti. Kizime. Zima pia ule mpangilio wa kamera unaonyoosha mistari ya pembeni, na ukifika nyumbani usikate kingo za picha wala usiruhusu programu ya picha irekebishe lenzi. Rangi unaweza kuirekebisha, mradi marekebisho yawe yale yale kwa picha zote.

Na acha video, piga picha zenyewe. Fremu ya video ya 4K ina pikseli milioni 8 tu, nayo mara nyingi imefifia kwa mwendo wako. Hiyo hiyo GoPro ukiiweka ipige picha kila baada ya sekunde mbili itakupa zaidi, na kila picha itakuwa kali.

Sasa tuje kwenye kiini. Nyambizi ni chombo kigumu kupigwa picha za kazi hii kuliko meli nyingi za mizigo. Meli ya mizigo iliyovunjika ina kona, winchi, mashimo na mabati yaliyopindapinda. Kila mahali panatofautiana na pengine, na programu hupenda hivyo. U-352 ni ya aina ya VIIC: urefu wake mita 67.1, upana mita 6.2 tu. Ilizamishwa tarehe 9 Mei 1942 na chombo cha walinzi wa pwani wa Marekani, Icarus, na tangu hapo maji ya chumvi yamekuwa yakiila. Bati jembamba la nje, lile lililobeba sitaha, huondoka kwanza. Linalobaki ni gamba la ndani lililotengenezwa kuzuia shinikizo la maji, bomba nene lenye kipenyo cha mita 4.7 hivi pale katikati. Ni kitu kirefu, cha mviringo, chenye sehemu zinazojirudia. Programu ikiona sehemu mbili zinafanana, yaweza kuzichukua kuwa kitu kimoja, na hapo kipande kizima kinatua juu ya kingine.

Urefu huo mwembamba ndio pia unaoleta mpindo. Kila picha hupangwa kwa kuitazama jirani yake, na kila mpangilio una kosa dogo mno. Ukiogelea mstari mmoja mrefu kamera ikitazama upande ule ule kwa umbali ule ule, makosa hayo hayafutani, hujazana upande mmoja. Kosa kidogo katika kukadiria lenzi hujionyesha kama tao, na kwa mstari wa mita 67 tao hilo linaonekana kwa macho. Kioo bapa kilicho mbele ya kamera yako kinaongeza taabu, kwa sababu mwanga unapotoka majini kuingia kwenye hewa ya ndani ya kasha hupinda, na kwenye kingo za picha hupinda zaidi kuliko katikati. Kioo cha kuba hupunguza tatizo hilo sana. Ila sikushauri ukanunue kamera mpya kabla hujabadilisha njia yako ya kuogelea, kwa kuwa njia ndiyo iliyokuangusha.

Ulipita ubavu mmoja ukarudi kwa mwingine. Picha za ubavu wa kushoto na za ubavu wa kulia hazikushirikiana chochote isipokuwa kwenye ncha mbili, na nina hakika kwamba ulipogeuka pale kwenye tezi kamera ilitazama maji matupu kwa sekunde kadhaa. Hapo ndipo modeli ilipokatika. Mabaharia wetu wanasema kuendea tezi na omo, marejeo ni ngamani, na katika kazi hii ni kweli tupu: modeli inashikwa na yale marejeo ya katikati.

Basi ogelea hivi. U-352 imelalia upande wake wa kulia kwa pembe ya karibu nyuzi 45, katika kina cha mita 35 hivi. Maana yake ubavu wa kushoto unatazama juu na kupata mwanga, na ubavu wa kulia unatazama mchanga na uko kivulini. Anza na ule wa juu. Pita mstari wa kwanza karibu na mchanga, kamera ikitazama chombo moja kwa moja pamoja na ukanda wa mchanga chini yake. Rudi kwa mstari wa pili juu kidogo, kamera ikiinama. Wa tatu upite juu ya sitaha ukitazama chini. Kisha teremka ubavu wa kulia kwa mistari miwili au mitatu, na wa mwisho uwe wa kutazama juu kutoka karibu na mchanga, taa zikiwaka. Mchanga usiudharau. Mapande ya chuma, makombe na mawe yaliyotawanyika pembeni yanafanana kidogo sana, kwa hiyo yanaipa programu alama nyingi za kushika kuliko gamba lenyewe.

Baada ya mistari mirefu ndipo inakuja mikanda ya kuvuka, ambayo wengi huiruka. Kila baada ya mita 8 hadi 10, toka mchangani upande mmoja, panda juu ya chombo, shuka hadi mchangani upande wa pili, ukipiga picha mfululizo bila kuitoa kamera kwenye chuma. Katika mikanda hiyo isimamishe kamera wima badala ya ulalo. Kuizungusha nyuzi 90 kunaisaidia programu kuijua lenzi vizuri na kunaua lile tao. Kwenye omo na tezi zunguka nusu duara polepole, picha na picha zisitofautiane kwa zaidi ya nyuzi 15 hivi. Mnara uzungushie duara mbili kamili, moja chini na moja juu. Kwenye rafadha, usukani na mahali pa mzinga wa sitaha sogea karibu, lakini ukiwa unasogea endelea kupiga. Picha ya mbali ikifuatwa ghafla na ya karibu kabisa huwa haziungani. Zinahitaji picha za kati za kuzishikanisha.

Kuhusu kupandana kwa picha, chukua hesabu hii uifanyie kamera yako. Kamera ya kihisi kikubwa cha milimita 36 yenye lenzi ya milimita 16, nyuma ya kioo cha kuba, ikiwa mita 2.5 kutoka kwenye chuma inaona upana wa mita 5.6 hivi. Ikiwa ina pikseli 6,000 kwa upana, kila pikseli inabeba karibu milimita moja ya chuma. Ukitaka picha zipandane kwa asilimia 75, usisogee zaidi ya mita 1.4 kati ya picha na picha. Kwa mwendo wa sentimita 30 kwa sekunde, ambao ni wa taratibu hasa, picha kila sekunde mbili inakupa sentimita 60, yaani umejihifadhi vya kutosha hata mkondo ukikusukuma. Mwendo huo huo unakuambia na kasi ya shata, yaani mlango wa kamera unaoruhusu mwanga kuingia. Kwa 1/125 ya sekunde unasogea zaidi ya milimita mbili wakati picha inachukuliwa, na ukali wa milimita moja umeupoteza. Nenda 1/250 au zaidi, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600 au hata 3200, na usiogope chenga, yaani vidoadoa kwenye picha, kwa sababu programu huvumilia chenga kuliko ukungu wa mwendo. Fokasi ifunge mara moja ukiwa kwenye umbali wa kazi, usiiguse tena.

Mstari mmoja wa mita 67 kwa mwendo huo ni karibu dakika nne. Mistari sita, mikanda saba au minane, ncha mbili, duara za mnara: unazungumzia zaidi ya nusu saa ya kazi na picha 1,000 au zaidi. Hapa naomba unisikilize vizuri. Kwa hewa ya kawaida katika mita 35 una dakika 10 hadi 15 kabla kompyuta yako ya kuzamia haijakudai vituo vya dikompresheni, yaani kusimama njiani unapopanda ili mwili utoe naitrojeni. Naitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni, ya asilimia 30 inakusogeza kuelekea dakika 20. Ya asilimia 32 inafikia shinikizo la oksijeni la bar 1.4, kikomo cha usalama, kabla ya mita 34, kwa hiyo mchangani pale haikufai. Kazi nzima haiingii katika mbizi moja ya kawaida, na mtu aliyezama kwenye kazi ya picha hukodolea kioo cha kamera akasahau geji. Nimeona wazamiaji wazuri wakipandishwa na wenzao kwa sababu hiyo. Mwenzako asipige picha. Awe na kazi ya kuangalia gesi, muda na mkondo, na akikugusa bega unapanda bila majadiliano.

Gawa chombo. Mbizi ya kwanza ishughulikie mnara na mita kumi kila upande wake, ya pili omo, ya tatu tezi, na kila sehemu ipandane na jirani yake kwa mita tano au zaidi, ikijumuisha vitu visivyosogea na visivyofanana. Mbizi za siku tofauti zitaungana ikiwa mwanga haujabadilika mno. Kwa timu zenye mafunzo ya dikompresheni na vifaa vya kupumua vya mzunguko ni hadithi nyingine, lakini hayo ni mafunzo ya miaka, hayapatikani kwa haraka ya kutaka modeli.

Mwanga: rangi nyekundu hupotea ndani ya mita chache za kwanza, na kwenye mita 35 kila kitu ni buluu na kijani. Siku ambayo maji ni safi, mwanga wa jua peke yake unatosha kwa umbo, nao una faida kubwa kwamba vivuli vyake havitembei. Taa unazobeba huenda nawe, kivuli kinahama kila picha, na programu huweza kukichukua kivuli kuwa chuma. Ukizitumia, ziwe mbili, pana, laini, na zitandazwe mbali na lenzi kwa mikono mirefu ili chembe zilizo mbele ya kamera zisimulikwe. Samaki ni jambo la lazima huko: makundi ya samaki wadogo hufunika mnara mzima, na papa hupita katikati yao. Subiri wapishe, au nenda kaanze upande mwingine. Wanaotembea programu huwatupa yenyewe. Taabu ni kundi lililoganda mahali pamoja kuficha chuma.

Vipimo sasa. Modeli yako kwa asili haina ukubwa. Ni umbo tu, laweza kuwa la mita 67 au la sentimita 67. Ukubwa unaupeleka wewe. Tengeneza fito ngumu za urefu unaoujua barabara, mita moja kila mmoja, zenye alama za msimbo ambazo programu inazitambua yenyewe. Ziweke nne au zaidi, mchangani kando ya chombo, zikisambaa kutoka omo hadi tezi, na usiziegemeze kwenye chuma. Ukiweka fito moja tu, upande mmoja, kosa la sentimita moja ndani ya mita moja ni asilimia moja, na kwa chombo hiki asilimia moja ni sentimita 67. Fito mbili zitumie kuipa programu ukubwa. Nyingine ziache nje ya hesabu, halafu zipime ndani ya modeli. Zikitoka mita moja na milimita chache, umefanya kazi. Zikitoka pungufu kwenye tezi na zidi kwenye omo, ndizi yako bado ipo.

Dawa nyingine ya mpindo ni kina. Chukua kompyuta moja ya kuzamia, ile ile, ipeleke mchangani karibu na kila fito na uandike kina na saa, maana maji yanapwa na kujaa na mbizi za saa tofauti zitasomeka tofauti. Vina hivyo hukuonyesha mara moja kama modeli imejikunja juu chini. Vipimo vya michoro ya kiwandani usivitumie kuipa modeli ukubwa, kwa sababu ncha za chombo zimevunjika na kulika, lakini ni vizuri kwa kukagua. Kipenyo cha gamba la ndani ni kimoja. Kingine ni midomo ya mabomba ya topido: topido zake zilikuwa za sentimita 53.3, kwa hiyo bomba lazima liwe juu ya hapo kidogo tu. Modeli inayosema 48 au 60 imekudanganya.

Kwenye programu sina mengi. Metashape na RealityScan zinafanya kazi, COLMAP na Meshroom ni za bure nazo zinafanya kazi. Tupa picha zenye ukungu kabla ya kuanza. Iambie programu, wakati wa kuoanisha picha, ilinganishe kwanza zilizofuatana, ili zile sehemu zinazofanana zisiichanganye. Futa nukta zenye makosa makubwa, ruhusu programu iikokotoe lenzi upya, weka fito, kagua. Usijenge uso wa modeli mpaka wingu la nukta, yaani nukta zote programu ilizozipata zikipangwa kwenye umbo, limenyooka, kwa sababu uso mzuri na rangi nzuri huficha umbo baya.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nami siwezi kuliacha. U-352 ina miili ya mabaharia ndani yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 inayolinda vyombo vya kijeshi vilivyozama inakataza kuvisumbua, kuviharibu au kuondoa kitu, hata vikiwa vya taifa jingine. Kupiga picha bila kugusa hakukatazwi, na ndiyo sababu naipenda njia hii: unaondoka na umbo zima la chombo na hujakisogeza kitu. Wataalamu wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, walianza mwaka 2008 kupima nyambizi za Kijerumani za pwani hiyo, U-352, U-85 na U-701, na mwaka 2016 wakashuka kwa vyombo vidogo hadi U-576 iliyo zaidi ya mita 200 chini. Thamani ya modeli yako iko katika mstari huo. Ukirudia njia ile ile mwakani na kulinganisha mawingu mawili ya nukta katika programu ya bure ya CloudCompare, utaona mchanga uliohamishwa na kimbunga na bati lililoanguka, kwa sentimita. Ila usiingie ndani kwa ajili ya picha, na ukikuta mabaki ya binadamu yasionekane katika unachochapisha.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu yetu wenyewe ya kulichukulia hili kwa uzito. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo ikiwa na askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, cha 301. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido na ikazama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa. I-27 yenyewe ilizamishwa siku hiyo hiyo na manowari za Uingereza. Majina ya askari wa kikosi hicho yamo kwenye ukumbusho ulioko katika makaburi ya vita ya Nairobi, lakini miili yao iko baharini, na watoto na wajukuu wao wako huku kwetu. Tunavyotaka wao waheshimiwe, ndivyo tunavyowaheshimu hawa wa U-352.

Kabla ya kurudi kule, fanya mazoezi kwenye kitu kirefu chenye mviringo katika maji ya mita 8 au 10, boti iliyozama au hata bomba la zege, mpaka mikanda ya kuvuka imekuingia miguuni na huhitaji kuiwaza. Halafu kwenye U-352 fanya mnara peke yake kwanza, na fito mbili. Ukishaoanisha picha, nitumie ripoti ya programu pamoja na picha ya wingu la nukta likionekana kutoka ubavuni na kutoka juu, kabla hujajenga uso. Nitakuonyesha ni mkanda gani unaohitaji kurudiwa.